Soko la wachezaji: Ligi ishike mizani, bei iachiwe soko

Biashara ya mchezaji wa Kizanzibari iliyozungumzwa kuliko zote katika miaka ya karibuni haikufungwa na mnunuzi, wala muuzaji, wala wakala. Ilisogea baada ya neno kutoka Ikulu. Mapema Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, naye mzaliwa wa Unguja, aliwaalika wachezaji na viongozi wa Yanga kuwapongeza kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Katika hotuba yake aliwataka viongozi hao walimalize suala la Feisal Salum, maarufu Fei Toto. Siku chache baadaye Yanga ikatangaza kumuuza kiungo huyo kwa Azam FC.

Wapenzi wa mpira walifurahi au kununa kwa kufuata rangi za jezi zao. Mfanyabiashara alikuwa na swali jingine. Ni soko gani hilo ambalo mali inakwama bandarini karibu nusu mwaka, kamati zinakaa na kuinuka, mpaka mkuu wa nchi aseme neno ndipo mlango ufunguke? Na je, ligi na shirikisho lake waingie zaidi katika biashara ya klabu, au wajitoe kabisa na kuwaachia wenye klabu wauziane wenyewe?

Swali hilo lina uzito wa pekee Unguja. Kisiwa hiki ni muuzaji wa vipaji kwa ligi ya Bara, na kila kanuni inayotungwa Dar es Salaam kuhusu uhamisho huonekana hapa kwenye mapato ya klabu, au kwenye ukosefu wa mapato hayo.

Mgogoro ulivyokuwa

Fei Toto alivuka bahari mwaka 2018 kwenda Yanga akitokea JKU, klabu ya Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar. Desemba 2022, mkataba wake ukiwa bado una uhai hadi Mei 2024, aliamua kuuvunja. Aliingiza katika akaunti ya klabu Sh milioni 112: milioni 100 zikiwa ada ya kusaini aliyopewa, na milioni 12 zikiwa mishahara ya miezi mitatu. Kiini cha malalamiko yake kilikuwa maslahi.

Yanga ilizirudisha fedha hizo na shauri likafika Shirikisho la Soka Tanzania, TFF. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji iliamua kwamba Fei Toto bado ni mchezaji wa Yanga. Machi mwaka huo maombi yake ya kutaka uamuzi upitiwe upya yaligonga mwamba. Mchezaji hakurudi uwanjani, na klabu haikumwachia.

Kwa lugha ya hesabu, pande zote mbili zilikuwa zinakula hasara. Yanga ilikuwa na mali kwenye vitabu isiyozalisha, na kijana wa miaka 25 alikuwa anapoteza miezi ya umri wake wa kuuzika. Hasara hiyo ilionekana wazi baada ya mauzo. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu akiwa na Azam, iliyomaliza nafasi ya pili na kupata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Hoja ya mchezaji ilikuwa nyepesi kueleweka: nimerudisha nilichopewa, niacheni. Lakini kila mwenye duka Darajani anajua ubovu wa hoja hiyo. Ukinunua robota la vitambaa leo, ukalipanga dukani na kulitafutia wateja, haji mtu mwakani akakurudishia bei uliyonunulia na kubeba robota lake. Bei ya kununulia ni gharama iliyopita. Thamani ya leo ni ile ambayo soko liko tayari kutoa.

Kwa upande wa pili, mchezaji si robota. Robota halina familia na halioni mwenzake analipwa zaidi kwa kazi ile ile. Mtu anayefanya kazi ana haki ya kujua, siku anaposaini, ni kiasi gani kitamfungulia mlango akitaka kuondoka. Kama bei ya kuvunja mkataba ingekuwa imeandikwa kwa tarakimu na kukubaliwa na pande zote tangu mwanzo, kusingekuwa na la kubishania. Angelipa bei hiyo akaenda zake, au angeshindwa akabaki kazini.

Kuingilia si jambo geni

Wapo wanaozungumza kana kwamba ligi yetu haijawahi kugusa biashara ya klabu. Ukweli ni kwamba inaigusa kila msimu. Tarehe za kufungua na kufunga dirisha la usajili ni uingiliaji. Idadi ya wachezaji wanaoruhusiwa kusajiliwa ni uingiliaji. Ukomo wa wageni, ambao umebadilishwa mara kadhaa na katika miaka ya 2020 ukafika wachezaji 12 kwa klabu, ni uingiliaji mkubwa kuliko yote.

Kanuni hiyo ya wageni ifikiriwe kama ushuru wa forodha. Mchele wa nje ukipandishiwa ushuru, mwenye mchele wa ndani hupata nafasi ya kupandisha bei. Klabu kubwa ya Bara ikishajaza nafasi za wageni, nafasi zinazobaki ni za Watanzania tu, na Mzanzibari anahesabiwa humo. Ndiyo maana beki mzuri wa Kizanzibari huwa na wanunuzi zaidi ya mmoja. Ibrahim Hamad "Bacca" alichukuliwa na Yanga kutoka KMKM Januari 2022 na akawa mhimili wa ulinzi wa klabu hiyo. Miaka mingi kabla yake, 2006, Nadir Haroub "Cannavaro" alitoka Malindi kwenda klabu hiyo hiyo na baadaye akawa nahodha.

Kwa hiyo ubishi wa kama ligi iingilie au isiingilie umeshapitwa na wakati. Linalobaki ni kuchagua mahali pa kuingilia, na kumchagua mwenye kuingilia.

Rekodi ya mashauri yaliyofika TFF inatoa mwanga. Januari 2013 Simba ilimuuza Mganda Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa Dola 300,000. Malipo yakachelewa, mchezaji naye akagombana na mwajiri wake mpya, akaenda SC Villa ya kwao, kisha Desemba 2013 akaibukia Yanga. TFF ikasimamisha kwanza usajili huo hadi FIFA itoe ufafanuzi. Mwaka 2015 Simba na Ramadhani Singano "Messi" walibishana kuhusu mwaka wa mwisho wa mkataba, shauri likafika TFF, na mchezaji akaishia Azam. Agosti 2020 kamati ya TFF iliona mkataba wa Bernard Morrison na Yanga una kasoro, ikamwachia ajiunge na Simba. Yanga ilikwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, na uamuzi ulipotoka Novemba 2021 haukuipa ushindi.

Msomaji aangalie jambo moja katika mashauri hayo. Hakuna hata moja lililohusu bei kuwa kubwa mno au ndogo mno. Yote yalihusu karatasi: tarehe ya mwisho, saini, malipo yaliyoahidiwa yasifike, na nani hasa alikuwa na haki ya kusajili. Ugonjwa wa soko letu uko kwenye nyaraka na kwenye malipo, na tiba ya ligi ingeanzia hapo.

Funzo la karafuu na mwani

Zanzibar haihitaji kwenda mbali kujifunza juu ya uingiliaji wa soko. Karafuu kisheria ina mnunuzi mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Kwa miaka mingi mkulima alipewa sehemu ndogo ya bei ya kuuzia nje, na matokeo yake yanajulikana na kila mtu wa pwani: magunia yalivuka usiku kwenda Mombasa. Kuanzia 2011 Serikali ilipandisha bei ya mkulima kwa lengo la kumpa takriban asilimia 80 ya bei ya nje, na magendo yakapungua sana.

Ligi itakayojaribu kuweka bei ya mchezaji, au kumchagulia muuzaji mnunuzi, itavuna magendo ya aina yake. Bei itakayoandikwa kwenye fomu itakuwa moja na itakayolipwa itakuwa nyingine. Tofauti itapita mkononi, kwa jamaa, au katika mkataba wa pili usioonekana. Na hapo klabu ndogo itakuwa ya kwanza kuumia, kwa kuwa yenyewe hupata kile kilichoandikwa tu.

Mwani una funzo jingine. Kilimo hicho kilipoanza kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, makampuni yanayosafirisha nje yaliwapa akina mama kamba na vijiti, na yakatarajia mavuno yauzwe kwao. Alipotokea mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri, kampuni ya kwanza ililalamika: kamba ni zangu, mwani umepelekwa kwa mwingine. Mkulima naye alikuwa na lake: bei yako ni ndogo, na aliyesimama kwenye maji tangu alfajiri ni mimi.

Ubishi huo ndio ule ule wa klabu iliyomlea kijana. Klabu ya mtaani imempa viatu, mwalimu na nafasi ya kucheza. Klabu kubwa inakuja na ada ya kusaini. Kumfunga kijana abaki ni dhuluma kwake, na kumwachia aende bure ni dhuluma kwa aliyemlea, ambaye kesho hatakuwa na sababu ya kulea mwingine. Dawa yake ni kuandika mapema kwamba akiondoka, mwenye kamba atalipwa kamba zake.

Wenzetu wanafanyaje

Ligi za nje zimegawanyika. Ligi Kuu ya Marekani, MLS, ilipoanza mwaka 1996 ilichagua njia ya kukamata kila kitu: mikataba ya wachezaji ni ya ligi yenyewe. Wachezaji walikwenda mahakamani mwaka 1997 wakidai kwamba mpango huo unaua ushindani wa ajira, wakashindwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 2000 na katika rufaa mwaka 2002. Njia hiyo iliokoa ligi changa isifilisike, lakini gharama yake ililipwa na wachezaji ambao hawakuwa na pa kupeleka bei zao.

Mfano wa hatari zaidi unatoka mpira wa kikapu. Desemba 2011 kamishna wa NBA, David Stern, alikataa biashara ambayo ingempeleka Chris Paul wa New Orleans Hornets kwa Los Angeles Lakers. Tatizo ni kwamba wakati huo Hornets ilikuwa mali ya ligi yenyewe, iliyoinunua mwaka mmoja kabla. Siku chache baadaye mchezaji huyo huyo akaenda Los Angeles Clippers. Hata kama uamuzi ule ulikuwa na sababu nzuri za kibiashara, hakuna aliyeweza kutofautisha hakimu na mwenye mali, maana walikuwa mtu mmoja.

Hispania imechukua njia ya katikati. La Liga haisemi nani auzwe kwa nani. Inaweka ukomo wa matumizi ya kila klabu kulingana na mapato yake, na klabu ikivuka haisajiliwi mchezaji. Agosti 2021 Barcelona ilishindwa kumsajili upya Lionel Messi ndani ya kanuni hizo, akaenda Paris. Ni kanuni kali, lakini inajulikana kabla ya msimu na haimtazami mtu usoni.

Juu ya ligi zote ipo FIFA, nayo inabanwa na mahakama. Hukumu ya Bosman ya Desemba 15, 1995 ilimfungulia mchezaji wa Ulaya aliyemaliza mkataba aondoke bila klabu ya zamani kudai ada. Oktoba 4, 2024, katika shauri la Lassana Diarra, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliona baadhi ya kanuni za FIFA kuhusu kuvunja mkataba zinapingana na sheria za Umoja huo, na FIFA ikalazimika kuzirekebisha. Hukumu hizo hazitufungi sisi moja kwa moja, lakini mwelekeo wake uko wazi. Dunia inamwachia mchezaji nafasi kubwa zaidi ya kuondoka, na klabu isiyojipanga kwa nyaraka ndiyo itakayobaki mikono mitupu.

Mgao wa Unguja uko wapi?

Hapa ndipo penye maslahi makubwa ya Zanzibar, na pasipozungumzwa vya kutosha.

Kanuni za FIFA zina mgao uitwao mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwa ada akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kijana aliyelelewa na klabu moja ya Ng'ambo tangu miaka 12 hadi 19 anauzwa kwa Sh milioni 200. Misimu minne ya mwanzo inatoa asilimia 1, minne inayofuata asilimia 2. Klabu hiyo ingestahili asilimia 3, yaani Sh milioni 6, na ingelipwa tena kila anapouzwa kwa namna hiyo.

Lakini mgao huo una mpaka. Unahusu uhamisho wa kimataifa, au ule wa ndani ya nchi pale klabu iliyomlea mchezaji ipo chini ya shirikisho jingine. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Machi 2017 ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, na Julai mwaka huo huo uanachama huo ukafutwa. Klabu zake zinashiriki mashindano ya CAF kwa nafasi zake, lakini mbele ya FIFA mwanachama ni TFF pekee.

Maana yake kibiashara ni nzito. Mchezaji anapopanda boti Malindi kwenda Dar es Salaam, kwa macho ya FIFA hajavuka mpaka wowote. Azam inapomnunua Fei Toto kutoka Yanga, hiyo ni biashara ya ndani, na kanuni ya FIFA ya asilimia 5 haiifikii JKU. Kwa biashara za ndani FIFA inaliachia shirikisho la nchi litunge kanuni zake, na inahimiza kanuni hizo ziwe na utaratibu wa kuzituza klabu zinazolea vijana. Bahari iliyo katikati ya Unguja na Dar es Salaam ina mashirikisho mawili, ZFF na TFF, lakini mwenye sauti FIFA ni mmoja. Hapo ndipo mgao wa kisiwa unaweza kuzama.

Uingiliaji unaohitajika zaidi na Zanzibar, basi, ni huu: makubaliano ya maandishi kati ya ZFF na TFF kwamba kila ada inayolipwa Bara kwa mchezaji aliyelelewa Zanzibar inakatwa sehemu ya mlezi kabla usajili haujaidhinishwa. Hakuna haja ya kubuni kiwango, kwa kuwa asilimia 5 ya FIFA imeshajaribiwa duniani kote. Na hakuna haja ya kusubiri uanachama wa FIFA.

Lipo kundi la pili la fedha, nalo linapotea kwa uzembe wa karatasi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo cha kulipia fidia za malezi kilichopo Paris. Kituo hicho hufuata hati ya usajili ya mchezaji inayoonyesha kila klabu aliyosajiliwa tangu utotoni. Kijana wa Unguja akiuzwa kutoka Dar es Salaam kwenda Ubelgiji au Misri, klabu yake ya zamani inaweza kulipwa, ila kwa sharti kwamba jina lake linaonekana kwenye hati. Zanzibar ina utamaduni mkongwe wa ligi za Juvenile, Junior na Central, na viwanja kama Mao Zedong pale Kikwajuni vimeona vijana wengi wakipanda ngazi hizo. Kijana aliyecheza misimu mitano bila kuingizwa kwenye mfumo wa usajili, kwa hesabu za Paris, hakuwahi kulelewa na mtu.

Jambo la tatu linahusu aina ya wauzaji wetu. Klabu nyingi kubwa za Unguja ni za vikosi: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto. Mchezaji wake mara nyingine ni mwajiriwa wa Serikali ya Mapinduzi. Hali hiyo inampa kijana mshahara wa uhakika, jambo jema, lakini inaifanya klabu isiwe na njaa ya kuuza kwa bei nzuri kama klabu ya kiraia inayotegemea ada ili ilipe nauli ya boti. Muuzaji asiye na njaa ya bei huteremsha bei ya soko zima, hata kwa jirani yake. Kiwango cha chini cha mgao wa malezi kingemlinda pia huyo jirani.

Nani awe mwamuzi

Wanaopinga uingiliaji wana hoja moja isiyoweza kupuuzwa: mwenye kuingilia anaweza kuwa na lake. Soka ya Tanzania ni soko dogo na wenye mitaji ni wachache, hivyo wanakutana kila kona. Haki za matangazo ya Ligi Kuu ya Bara ziliuzwa mwaka 2021 kwa Azam Media kwa Sh bilioni 225.6 kwa miaka kumi, na kampuni hiyo ni ya familia moja ya kibiashara na Azam FC. Novemba 2021 GSM, mfadhili wa Yanga, iliingia kuwa mdhamini mwenza wa ligi. Simba ilikataa nembo yake, na Februari 2022 GSM ikajitoa. Hakuna kosa katika kuwekeza pande mbili, na bila fedha hizo ligi isingekuwa hapa ilipo. Ila mazingira hayo yanataka mwamuzi wa mikataba ambaye hakuna klabu, mdhamini wala shirikisho linaloweza kumwondoa kwa kutopenda hukumu yake.

Mwamuzi huyo awe na muda maalumu wa kutoa uamuzi. Shauri la Morrison lilichukua zaidi ya mwaka mmoja hadi CAS ilipomaliza. Mchezaji ana miaka kama kumi tu ya kuuza kazi yake, na kila mwaka unaopotea mahakamani ni sehemu ya kumi ya mtaji wake. Kama shauri la Desemba lingepata jibu la mwisho kabla dirisha dogo halijafungwa, suala la Fei Toto lisingefika Ikulu.

Na neno la Ikulu, pamoja na nia yake njema, si utaratibu wa soko. Lilimsaidia mchezaji mmoja mwenye jina. Beki wa daraja la pili anayedai mishahara ya miezi minne hana karamu ya kualikwa.

Mwekezaji mdogo ajue nini

Wapo wasomaji wanaouliza kama wanaweza kununua sehemu ya mchezaji: mtu atoe fedha za usajili leo, alipwe fungu mchezaji atakapouzwa. Jibu ni hapana. FIFA ilipiga marufuku mtu wa pembeni kumiliki haki za kiuchumi za mchezaji kuanzia Mei 1, 2015. Anayetoa fedha hizo kwa klabu ama ni mfadhili, ama ni mkopeshaji wa klabu yenyewe kwa masharti ya kawaida ya mkopo. Ahadi nyingine yoyote haina pa kudaiwa.

Njia iliyobaki ni hisa za klabu, pale zitakapouzwa kwa umma. Simba ilianza safari ya mabadiliko mwaka 2017, ambapo Mohammed Dewji aliahidi Sh bilioni 20, na mgawanyo ukawa asilimia 49 kwa mwekezaji na 51 kwa wanachama. Yanga nayo iliridhia mfumo wa asilimia 49 na 51 mwaka 2021. Siku hisa za klabu zitakapomfikia mwananchi wa kawaida, karatasi ya kwanza ya kusoma ni orodha ya mikataba ya wachezaji: inaisha lini, ina bei ya kuvunjia au haina, na ada zinazodaiwa ni za nani. Ukiondoa jina na uwanja, mikataba ndiyo mali kubwa ya klabu. Mkataba unaoweza kuvunjwa kwa kurudisha ada ya kusaini, au usiojulikana unaisha mwaka gani, ni ghala lisilo na kufuli.

Kwa klabu za Unguja, msimu wa mauzo una kalenda yake. Kombe la Mapinduzi huchezwa Januari, wakati dirisha dogo la Bara likiwa bado wazi au linakaribia kufungwa, na wanunuzi wote huwa Zanzibar. Mlandege iliwafunga Singida Big Stars katika fainali ya 2023 na Simba katika ile ya 2024, mbele ya macho ya soko zima. Klabu inayofika Januari ikiwa na mikataba iliyobakiza miezi sita imekwenda mnadani na bidhaa ambayo mnunuzi anaweza kuisubiri aipate bure Julai. Inayofika na mikataba ya misimu miwili, hati za usajili wa utotoni na bei ya kuvunjia iliyoandikwa, inauza kwa bei yake.

Yanayofaa kuangaliwa katika madirisha yajayo ni manne: kama ZFF na TFF watakubaliana juu ya mgao wa malezi, kama bei ya kuvunja mkataba itakuwa sharti la kila mkataba unaosajiliwa, kama ada za uhamisho zitalipwa kupitia akaunti inayoonekana badala ya mkononi, na kama mwamuzi wa mashauri atapewa ukomo wa siku. Hayo manne ndiyo mizani, na ligi inayoyasimamia haina haja ya kugusa bei. Yatakapokosekana, klabu itaendelea kulalamika kuibiwa, mchezaji kufungwa, na JKU nyingine itasoma gazetini kwamba kijana wake ameuzwa tena.